Albamu ya kwanza ya Johnny Cash (1957): mkwaruzo ule bila dramu, mwangwi, na jinsi ya kujua kama ni rekodi halisi ya Sun

MpendaKantri

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaoifahamu vizuri kazi ya mwanzo ya Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, yaani santuri ya Sun Records inayoitwa Johnny Cash with His Hot and Blue Guitar!

Wasikilizaji wengi wanamjua kwa onyesho la gereza la Folsom la Januari 1968, lenye dramu, kasi na makelele ya wafungwa. Ukitoka huko ukaja kwenye hii ya 1957, ghafla umebaki na watu watatu chumbani. Maswali ni haya:

Hii ni albamu kweli, au ni singo zilizorundikwa pamoja? Ule mkwaruzo wa I Walk the Line unaofanana na dramu ndogo unatoka wapi, wakati hakuna mpiga dramu aliyetajwa? Mwangwi ni wa chumba au wa mashine? Na mtu anayetafuta leo atajuaje kwamba anachosikia ni rekodi ya Sun? Mtandaoni kuna Folsom Prison Blues nyingi zenye jina moja na sauti tofauti kabisa.

Maoni nayo yanakaribishwa: nyimbo zipi zinaibeba albamu na zipi zinaielemea.

SanturiNaSindano

Mkuu, ni vyote viwili. Santuri hii ilitoka Oktoba 1957 na ndiyo LP (santuri kubwa ya nyimbo nyingi) ya kwanza kabisa ya Sun. Kabla ya hapo Sam Phillips, mwenye Sun, aliishi kwa sahani ndogo za nyimbo mbili. Alipoamua kutoa LP alianza na nyimbo zilizokwisha kujiuza zenyewe: Cry! Cry! Cry! ya 1955, kisha Folsom Prison Blues na So Doggone Lonesome (pande mbili za sahani moja), halafu I Walk the Line ya 1956 iliyoshika namba 1 kwenye chati ya kantri na kufika namba 17 kwenye ile ya pop. Hizo nne ndizo nguzo, na nyingine nane zikawekwa kuzizunguka.

Lakini ukiisikiliza kwa mpangilio wake utagundua haikurundikwa ovyo. Ni nyimbo 12, sita kila upande, dakika 27 hivi kwa jumla. Angalia zinazohusu reli na jela. Upande wa kwanza unafungua na Rock Island Line, ambao ni wa treni, kisha unafuata Lonesome Whistle wa Hank Williams na Jimmie Davis, ambamo mfungwa anasikia honi ya treni kwa mbali. Upande wa pili unafunga na The Wreck of the Old '97, kuhusu ajali ya treni ya posta iliyotokea Danville, Virginia, mwaka 1903, unaingia Folsom Prison Blues, ambamo tena mfungwa anasikia treni ikipita, na unamalizikia na Doin' My Time wa Jimmie Skinner, wa mtu anayetumikia kifungo. Nyimbo tano kati ya 12 zinashikana mikono. Sijui kama ilikusudiwa, lakini masikioni inafanya kazi, hasa zile tatu za mwisho. Usizichanganye kwa kubofya uchezaji wa nasibu, utaupoteza mteremko huo.

Udhaifu wake mkubwa ni kilichoachwa nje. Hey Porter ilikuwa kwenye sahani yake ya kwanza pamoja na Cry! Cry! Cry!, na Get Rhythm ilikuwa nyuma ya I Walk the Line. Zote mbili zimechangamka, na zote mbili hazimo. Ndiyo maana wengine wanaiona albamu hii ina huzuni nyingi kuliko Cash wa kipindi hicho alivyokuwa hasa. Toleo la CD la 2002 limeongeza nyimbo mwishoni, Hey Porter ikiwemo. Ukilipata hilo, sikiliza kwanza zile 12, simama, ndipo uendelee na za ziada.

Kwa upande wa maoni: Cash ameandika mwenyewe tano (zile nne nilizozitaja mwanzo, na Country Boy), na tofauti inasikika. Kwenye tungo za wengine wakati mwingine bado anaiga. Remember Me wa Stuart Hamblen ni mfano: wimbo ni mzuri, ila melodia yake inataka sauti inayovuta noti ndefu laini, na sauti ya Cash haikuumbwa kwa ajili hiyo. Yeye anasema wimbo zaidi kuliko kuuvuta. Kwenye So Doggone Lonesome ametunga melodia ya kumtosha mwenyewe, na hapo hakuna wa kumkaribia.

KapoFretiYaKwanza

Nijibu la mkwaruzo, maana ndipo utamu wote ulipo.

Hakuna dramu kwenye mdundo wa watu hawa watatu. Cash yuko kwenye gitaa la kawaida, Luther Perkins kwenye gitaa la umeme (Fender Esquire), Marshall Grant kwenye besi kubwa ya kusimama. Perkins na Grant walikuwa mafundi magari Memphis, na Grant alipoanza besi alibandika vipande vya plasta kwenye shingo yake ili ajue noti ziko wapi. Mpiga dramu wao, W.S. Holland, alijiunga 1960, yaani baada ya Cash kuondoka Sun.

Mkwaruzo unatoka kwenye karatasi. Cash alipenyeza karatasi kati ya nyuzi za gitaa lake. Nyuzi zikizibwa namna hiyo hazitoi kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), zinabaki na "chk" kavu, na hiyo ndiyo sikio linaidhania dramu.

Anayetaka kujaribu: chukua karatasi ya kawaida ya kuandikia, ikunje kwa urefu mara mbili au tatu mpaka iwe utepe wa upana wa sentimeta 2 hadi 3. Ipitishe juu ya uzi wa sita, chini ya wa tano, juu ya wa nne, chini ya wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Iweke pale freti (vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) zinapoishia, kabla ya tundu. Ukiisogeza karibu na daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa) nyuzi zinabaki na uhai na kodi inasikika nusunusu, ukiipeleka katikati ya shingo inagusana na vidole vya kushoto. Karatasi nene au ya kung'aa mno inaua kila kitu, unabaki na sauti ya kugonga mbao. Nyembamba mno inachanika kabla wimbo haujaisha. Kisha piga nyuzi zote kwa mkono mwepesi, ukitia uzito kwenye pigo la pili na la nne. Wengi hapa hukosea kwa kupiga kwa nguvu. Karatasi inateleza kuelekea mkono wa kulia, na ukifika ubeti wa tatu mkwaruzo umegeuka kuwa mlio wa nyuki.

Sasa Luther. Wanauita "boom-chicka-boom", na siri iko kwenye kiganja cha kulia. Kiganja kinalala juu ya daraja, kinazigusa nyuzi nene tatu kidogo tu, hivyo kila noti inakatika mapema. Kwa umbo la E: uzi wa sita wazi, kisha nyuzi za katikati (wa nne na wa tatu) pamoja, kisha uzi wa tano freti ya 2, kisha nyuzi za katikati tena. Kwa A: uzi wa tano wazi, katikati, uzi wa sita wazi, katikati. Kwa B7: uzi wa tano freti ya 2, katikati, uzi wa sita freti ya 2, katikati. Hayo matatu yanakutosha kwa Folsom Prison Blues yote. Rekodi ya Sun inasikika kwenye F, kwa hiyo piga maumbo ya E ukiwa na kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya kwanza. Ukisahau kapo na ukajaribu kupiga pamoja na rekodi, utadhani gitaa lako limelegea.

Kosa la pili la kawaida ni kuongeza mapambo. Luther hajazi nafasi. Kwenye solo ya Folsom anabaki kwenye nyuzi nene, noti chache, na mdundo hauachi kutembea. Mpigaji mwenye vidole vyepesi akiingia hapo akaanza kukimbia shingo nzima, wimbo unakufa hapo hapo, kwa sababu uzito wote wa muziki huu uko kwenye kurudiarudia.

I Walk the Line nayo ina kitu ambacho hata wasiopiga gitaa wanakihisi bila kukijua. Beti ni tano na ufunguo (noti ya nyumbani ya wimbo) unabadilika kila ubeti: kwa maumbo ya gitaa ni E, A, D, halafu unarudi A, unamalizia E. Kila kabla ya ubeti Cash anavuma noti ya ufunguo mpya, mdomo umefungwa, na hapo ndipo anajishikiza kabla ya kuanza kuimba. Ubeti wa mwisho ni ule wa kwanza uliorudiwa, lakini ameuimba chini kwa oktavu nzima. Sikiliza ubeti wa kwanza, ruka moja kwa moja hadi wa tano. Maneno yaleyale, mtu yuleyule, na ni kama amezeeka ndani ya dakika mbili na nusu.

Jambo jingine ni kwamba mistari yake haianzii nyumbani. Kwenye ubeti wa E, mstari unaanza juu ya B7 ndipo unatua E. Ndiyo maana wimbo unahisi kama unasogea mbele bila kusimama. Ukianzia E kwa mazoea, melodia haitakaa, na utahangaika bila kujua tatizo liko wapi. Kuvuka kutoka ubeti wa E kwenda wa A, njia rahisi ni kutembeza noti moja moja kwenye uzi wa sita: wazi, freti ya 2, freti ya 4, kisha uzi wa tano wazi. Kutoka A kwenda D ni vilevile, ila uko kwenye uzi wa tano na unatua wa nne wazi.

Mzee_wa_Mono

Nimalizie mwangwi na matoleo.

Mwangwi ni wa mashine. Phillips alikuwa na mashine mbili za tepu za Ampex pale studio ya 706 Union Avenue, Memphis. Kwenye mashine ya tepu, kichwa cha kurekodia na kichwa cha kusomea havikai pamoja, kuna nafasi kati yao. Ukiirudisha sauti inayosomwa na kuichanganya na ile inayoingia wakati huohuo, unapata nakala moja iliyochelewa. Kuchelewa kwenyewe ni nafasi hiyo gawanya kwa mwendo wa tepu. Tuseme vichwa vimeachana inchi 2 na tepu inakwenda inchi 15 kwa sekunde, nakala inachelewa sekunde 0.13. Anayetaka kuipata leo kwenye kompyuta aweke uchelewaji wa kati ya sekunde 0.12 na 0.14, rudio moja tu, na sauti yake iwe chini sana ya sauti kuu. Wanaoharibu huweka marudio matatu manne au huongeza mwangwi wa ukumbi. Hapo umeshatoka Sun, uko kanisani.

Sikiliza mwanzo wa Cry! Cry! Cry! kwa visikilizio. Kila "t" na "k" ya Cash ina kivuli chake nyuma, kifupi na kikavu. Ukisikia mkia mrefu unaoyeyuka, hiyo siyo mchanganyo wa asili.

Sasa jinsi ya kutambua. Kwanza, rekodi za asili ni mono, yaani sauti ni ileile pande zote mbili. Mwaka 1969 mtayarishaji wa muziki Shelby Singleton aliinunua Sun, na baada ya hapo zikatoka santuri nyingi za Cash zilizogeuzwa "stereo" kwa ujanja wa umeme, yaani sauti moja inagawanywa, besi inasukumwa upande mmoja na sauti kali upande wa pili. Kipimo ni rahisi: vaa kisikilizio kimoja, sikiliza, kisha hamia cha pili. Kama upande mmoja umejaa besi ya Grant na mwingine una mkwaruzo na sauti nyembamba, ni stereo ya bandia. Kubonyeza kitufe cha mono kunasaidia kiasi, lakini pande mbili zilizochujwa tofauti zikiunganishwa hazirudi kuwa kama mwanzo. Sauti inabaki na shimo. Tafuta toleo jingine.

Pili, kuna nyimbo alizozirudia mwenyewe. Cash alihamia kampuni ya Columbia 1958, na hakimiliki za rekodi za Sun zikabaki Sun. Kwenye albamu ya Columbia ya 1964 iitwayo I Walk the Line alirekodi upya wimbo huo na Folsom Prison Blues. Akarudia tena rundo la nyimbo zake za zamani kwenye Classic Cash ya 1988. Hizo ndizo zinazowachanganya watu mtandaoni. Ukisikia dramu kamili, si Sun ya 1957. Ukisikia stereo safi, gitaa huku na besi kule, si Sun. Ukisikia watu wakipiga mayowe, ni Folsom ya 1968. Angalia pia maandishi ya hakimiliki chini ya albamu. Mwaka ulioandikwa juu mara nyingi ni wa mkusanyiko tu, hauthibitishi chochote.

Tatu, Sun iliendelea kutoa LP za Cash kwa miaka baada ya yeye kuondoka, na nyimbo zikawa zinajirudia. I Walk the Line imo kwenye hii na imo tena kwenye LP ya 1958. Kwa hiyo usinunue kwa jina la wimbo, nunua kwa orodha nzima: 12, inaanza Rock Island Line na kumalizika Doin' My Time. Mwenye nia ya kuchimba mpaka chini kabisa atafute sanduku la kampuni ya Bear Family la 1990, The Man in Black 1954–1958, CD tano, lina majaribio na matoleo mbadala. Humo ndimo unapoelewa kazi ya Phillips. Cash aliutunga I Walk the Line akiutaka uende polepole, Phillips akaomba waupige mara moja kwa kasi zaidi, na ule wa kasi ndio uliotoka. Wa polepole ukiusikia utaona Phillips alikuwa sahihi. Ule mwendo wa kuburuza unaufanya uwe ombi, wakati huu wa kasi ni ahadi.

NyuziSita

Nakubaliana na mengi, ila mambo mawili lazima yasemwe.

La kwanza, Rock Island Line kuwa mlango wa albamu ni kosa. Ni wimbo mkongwe, mkusanyaji wa nyimbo John Lomax na mwimbaji Lead Belly waliukuta kwa wafungwa wa Arkansas mwaka 1934, na toleo la Lonnie Donegan lilikuwa limeshatikisa chati 1956. Msikilizaji wa 1957 aliweka santuri mpya ya mtunzi mpya na kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa wimbo ambao mwingine alishautambulisha. Zaidi ya hapo, unaanza na maelezo ya kusemwa na unaongeza mwendo kadiri unavyokwenda, kitu ambacho ni kinyume kabisa na nguvu ya watu hawa, yaani mdundo usioyumba. Cry! Cry! Cry! ingefungua vizuri mno.

La pili, heshima kwa mtunzi Gordon Jenkins. Folsom Prison Blues imeandikwa jina la Cash pekee, lakini melodia na sehemu kubwa ya maneno vimetoka Crescent City Blues, ambao Jenkins aliutoa 1953. Ukizisikiliza moja baada ya nyingine hakuna ubishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Cash alimlipa kama dola 75,000 kumaliza suala hilo. Kilicho cha Cash mwenyewe ni kumhamishia wimbo mfungwa, na ule mstari maarufu wa kumpiga mtu risasi mjini Reno. Wazo la gereza alilipata kwenye filamu ya 1951 kuhusu Folsom, aliyoiona akiwa mwanajeshi wa anga huko Ujerumani. Mabadiliko hayo ni makubwa, na wimbo wake ndio ulio bora, lakini anayeandika maelezo ya albamu hii bila kumtaja Jenkins anapunja.

SanturiNaSindano

NyuziSita, la Jenkins nakuunga mkono mia kwa mia, na mtu akitaka kuhakikisha asikilize mstari wa kwanza tu wa kila mmoja. La Rock Island Line sikubali. Ule mwendo unaoongezeka ndio treni yenyewe inang'oa nanga, na besi ya Grant haitetereki hata Cash anapokimbiza maneno. Ungewekwa katikati ya upande ungekata safari. Kama kuna wa kuondoa, aondolewe If the Good Lord's Willing. Jerry Reed aliutunga akiwa kijana mdogo sana na ni wimbo mwepesi, unapita bila kuacha alama. Nafasi yake ilikuwa ya Hey Porter.

I Was There When It Happened msiupuuze. Cash alipomwendea Phillips alitaka kuimba injili, na Phillips akamwambia injili haiuziki kwake. Huu mmoja ndio ulioponyoka ukaingia, na umewekwa kabla ya I Walk the Line, wimbo wa kiapo. Kwa masikio yangu ndiyo jozi bora ya santuri nzima.

MpendaKantri

Nashukuru sana wakuu. Mzee wa Mono, kipimo cha kisikilizio kimoja kimefanya kazi, nakala moja imeangukia stereo ya bandia waziwazi.

Kapo, swali la mwisho: karatasi ikishateleza katikati ya wimbo, kuna njia ya kuifunga?

KapoFretiYaKwanza

Acha ncha moja izidi kama sentimeta 3 upande wa uzi wa sita, ikunje irudi chini ya uzi huo iwe kama ndoano. Kama bado inasogea, karatasi yako imekuwa laini kwa kutumika, kunja mpya. Usibandike gundi wala plasta juu ya nyuzi, inaacha uchafu na zitapoteza mlio hata ukitoa. Na punguza nguvu ya mkono wa kulia. Cash anagusa tu, mkwaruzo wake ukiufuatilia uko nyuma ya besi muda wote, hauzidi hata mara moja.